Kuiondoa Meli

Mfereji wa Harlingen ulikuwa umeganda
siku Tjitske Wobbes alipoturudishia picha yake,
kaifunga kwa shuka, kaikumbatia kifuani.
Mimi nilikuwa nasaga nyeupe ya risasi juu ya jiwe,
vidole vimekufa ganzi.

"Ifuteni meli," alisema. "Bahari iacheni."

Bwana Gerlof alikohoa, akavua kofia,
akaanza lile somo ninalolijua kwa ghibu:
kwamba meli ni roho ya mja,
mlingoti wake imani, nanga yake tumaini,
wingu zito la pembeni ni majaribu,
na ule mwanga mwembamba kama unyasi
pale maji yanapokutana na mbingu
ni bandari ambayo bado hatujaiona.
"Ukiitoa meli, mama, picha itabaki bila mtu."

Tjitske alimsikiliza hadi mwisho.

"Ile haikuwa roho.
Ilikuwa mbao za mwaloni na lami.
Ilibeba chumvi na jibini, ilivuja ubavu wa kushoto,
na mume wangu aliitukana kila asubuhi.
Roho zilikuwa ndani yake. Kumi na moja.
Nazitaja kwa majina nikikoroga uji,
na pale juu ya jiko matanga yako yamejaa upepo,
miaka miwili yamejaa, bwana,
na haisogei."

Hakumjibu. Alinipa mimi kisu.

Nilianza na bendera; ikabanduka kama magamba ya samaki.
Kisha matanga. Kisha ubavu,
mpaka sote watatu tukanyamaza:
chini ya meli hapakuwa na bahari.
Bwana alikuwa ameichora meli kwanza,
mawimbi akayazungusha baadaye.
Sasa ubao ulikuwa mtupu, rangi ya ganda la mkate,
umbo lilelile, tezi na omo,
likielekea magharibi bila kitu ndani.

Tayari alikwisha changanya kijivu cha kuziba.

"Basi," Tjitske akamshika mkono. "Papo hapo.
Hivyo ndivyo kulivyo kwangu."
Akaweka sarafu mbili mezani,
akafunga shuka, akashuka ngazi
upande upande, asiigonge ukutani.

Vumbi la meli lilijaa kombe moja la kome.
Jioni niliuliza nilitupe wapi.
Bwana alikuwa dirishani, kanipa mgongo.

"Popote," alisema.
"Ila si majini."