Ndama Asiye Kwenye Jalada

Sikio la kushoto lilikuwa moja
nalo lilisema mawili.
Nchani, mkato wa kisu, mkia wa mbayuwayu,
alama ya akina Ndahani tangu babu zao wakichunga Chali.
Chini ya mkato, hereni ya plastiki, ya njano,
aliyovishwa na bwana mifugo mwaka juzi
zizini kwa Sechelela, mjane wa Mlewa.

Mimi, karani wa Mahakama ya Mwanzo, Bahi,
niliandika: Kielelezo A. Ng'ombe jike, mwekundu, paji jeupe.
Nikatafuta pa kubandika karatasi.
Ng'ombe akalamba gundi.

Ndahani ndiye aliyetangulia kuapa.
"Baba alimkabidhi marehemu mtamba amfugie.
Alimwambia: maziwa kunywa, samadi peleka shambani,
ila ng'ombe ni wangu, na tumbo lake ni langu.
Huyu ni mjukuu wa yule."
Hakimu akauliza kama kuna maandishi.
Ndahani akanyoosha kidole
sikioni.

Sechelela alifungua pindo la kanga bila haraka.
Risiti za josho. Chanjo ya mapele ngozi.
Karatasi zimelainika kama majani ya mlenda.
"Mwaka ule uwele ulipokauka ukiwa na kimo cha goti,
nilimtekea maji korongoni, ndoo kwa ndoo, kichwani.
Mwenye sikio alikuwa wapi?
Sikio ni lao, mheshimiwa, sibishi.
Mbavu hizi nimezijaza mimi."

Shauri likaahirishwa.

Kielelezo kikafungwa nyuma ya mahakama, karibu na choo,
kwa amri kwamba wadaawa wote wawili wakilishe.
Agosti, upepo ukibeba vumbi hadi kwenye mihuri,
hakimu alikuwa semina.
Septemba shahidi wa tatu alikwenda msibani Manyoni.
Oktoba jalada halikuonekana;
nililikuta chini ya gunia la pumba.
Asubuhi Sechelela alileta mabua,
jioni Ndahani alileta pumba za mashine,
na aliyemkuta mwenzake langoni
alisimama kusoma mbao za matangazo
mpaka mwingine apite.

Novemba, usiku, treni ya mizigo ikipiga honi,
Kielelezo A akazaa.
Au niseme kikazaa?
Sarufi nayo iliomba kuahirishiwa.

Nilipekua jalada, sikuona mstari wa kumweka ndama.
Madai yaliandikwa Julai;
Julai alikuwa giza tumboni.
Hakudaiwa, hakukanwa, hakuwa shahidi.
Mlinzi wetu, Chiloleti, akampa jina: Ahirisho.

Na hapa naungama, kwa kuwa hapa siapishwi:
tangu Novemba hadi Februari
chai ya mahakama ilikuwa nyeupe.
Hata hakimu aliisifu.
Hakuuliza duka.

Hukumu ilikuwa kurasa tisa.
Ng'ombe ni wa Ndahani.
Sechelela alipwe matunzo, laki mbili na themanini.
Hakuna aliyekata rufaa, hakuna aliyecheka.
Nilifungua kamba mwenyewe.
Ng'ombe alikwenda hatua kumi,
akageuka, akaita.

Hapo ndipo wote tulipomwona,
amesimama kwenye alama ya kwato za mama yake,
masikio mawili mazima,
hayajakatwa, hayajatobolewa,
yanapunga nzi.

"Tumbo ni langu," alisema Ndahani.
"Alikua kwa mabua yangu," alisema Sechelela.
Miezi saba, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza
wakitazamana.

Hakimu alikwishapanda basi la Singida.
Walinigeukia mimi.
Nilivuta daftari la mashauri mapya, nikapuliza vumbi,
nikauliza, kwa upole kabisa,
nani atalipa ada ya kufungua.

Mezani, birika lilikuwa tupu.