Beseni la Mwalimu Edmunda

Julai, Mufindi. Ukungu uliingia darasani
bila hodi, ukakaa dawati la nyuma.
Mwalimu Edmunda Luvanda, makoti mawili mwilini,
aliweka mezani beseni la bluu,
lile la kuoshea vikombe vya ofisini,
ndani yake jiwe la ukubwa wa ngumi.

"Leo," akasema, "konyeza."
Darasa likaangua kicheko.
Kizito alifumba jicho moja, akawageukia wasichana.
"Si huko kwenu. Huyu ni wa baharini,
wengine humwita yavuyavu.
Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo,
na ana watoto kuliko kata hii nzima."

Akachora ubaoni: kitu kimeshika mwamba,
mwili umekatika pingili pingili
kama sahani zilizopangwa kabatini.
Baridi ikikolea, sahani ya juu inang'oka,
inapepesuka, imekwenda:
nyota ya mikono minane, punje ya ulezi.
"Huyo ndiye konyeza mchanga."
Kizito akauliza, mchanga wa mtoni au wa kujengea?
Alipigishwa magoti, lakini upande wa kuona.

Kisha birika. Maji ya moto kushoto,
ya bomba kulia, yale yanayouma meno.
Akachota vumbi la chai, la daraja la mwisho,
akalinyunyiza kama anayetia chumvi.
Kila punje ikavuta uzi wa kahawia,
na tukaona kile tulichodhani hakipo:
maji yana njia.
Yalipita, yakajikunja, yakarudi kwa chini.
Nyuma ya jiwe punje zikajaa, zikizunguka zunguka.
Ukingoni zikajipanga mstari.
Katikati kweupe, sahani iliyorambwa.

"Nani kawapanga?"
Kimya. Mvua ilianza juu ya bati.
"Mkondo," akajibu mwenyewe. "Ila msiandike bado.
Mtoto huyu hawezi kushindana na maji.
Anaweza jambo moja: kupanda na kushuka.
Juu maji yanaelekea dirishani,
chini yanarudi mlangoni.
Akishuka kidogo tu, hapotei.
Hili halimo kwenye mtihani."

Mimi nililiandika, pembezoni, kwa penseli.

Mwaka ule kaka yangu Gaudens alipanda lori la mbao.
Mafinga. Halafu Makambako,
pale barabara ya Songea inapochepuka,
nikamkuta siku moja na nusu ya kijiji chetu:
vocha, mahindi ya kuchoma, bodaboda ya mkopo,
wanazunguka, wanazunguka,
na huku nyumbani uwanja wa mpira umeota majani.
Aliniambia, dada, hapa ndipo penyewe.
Sikumbishia. Nani humbishia aliye nyuma ya jiwe?
Mimi nilikuwa nimeshuka kidogo:
nilirudia darasa, nikashika mizani ya chai,
nikaandika kilo za watu kwenye daftari.
Malori yalipita juu yangu.

Lakini siku ile ya beseni, kengele ilipolia,
Kizito, magoti yamejaa chaki, aliuliza:
"Mwalimu, bahari umeiona?"
"Nilifika Chalinze. Basi likaharibika, nauli ikaisha."
Hatukucheka.

Akabeba beseni hadi mferejini, akamwaga.
"Huu unaingia Kihansi," alisema, akiyatazama maji.
"Kihansi Kilombero, Kilombero Rufiji.
Watatangulia wao."
Vumbi la chai likashika njia ya bondeni,
chini ya misindano, chini ya ukungu.

Akanipa beseni nikalisuuze.
Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa kucha.
Punje tatu, nne, ziligoma,
zimeshika plastiki.