Hesabu za Jokofu

Taavi, mume wa binti yangu, alikuja Jumapili
na kidude cheupe chenye kioo,
akakichomeka kati ya ukuta na jokofu langu.
"Siku saba, Mama. Usikiguse."

Nikasubiri. Theluji ya Tartu ikapanda hadi madirisha ya chini,
jokofu likanguruma, likatetemeka, likanyamaza kidogo,
likaanza tena kama mtu aliyekumbuka deni.

Liliingia humu mwaka aliozaliwa Maarja.
Ülo na nduguye walilipandisha ghorofa ya nne mabegani,
wakitukana kila ngazi kwa jina lake,
na wa kwanza kulala ndani yake
alikuwa samaki mmoja, tena wa kuazima.

Jumapili ya pili Taavi akasoma tarakimu,
akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili.
"Hili linakula umeme wa majokofu manne.
Kikulacho ki jikoni mwako, Mama.
Nunua jipya. Litajilipa kwa miaka tisa."

Tisa.
Nikaitazama mikono yangu, ina themanini na mmoja.
Faida hiyo ataila nani?
Sikumwuliza. Nilimwongezea supu ya kabichi.

Usiku ule nikachomoa waya, kwa kujaribu tu.
Maziwa na siagi nikaviweka roshani:
baridi ya Mungu haina mita.
Nikalala. Wapi!
Kimya kilikuwa kikubwa kuliko jiko,
na ndani yake, mara ya kwanza tangu sijui lini,
nikausikia ukuta.

Helgi, jirani yangu wa miaka thelathini,
alikuwa akihesabu.
Moja, mbili, kumi na nne, anakohoa,
anarudi kwenye moja.
Nami miaka yote nikimwonea wivu
kwa usingizi wake mzito.

Asubuhi nikabisha kwake na siagi ngumu kama tofali.
Hatukuongea la maana. Bei ya mkate. Magoti.
Nilipokuwa nafunga kitambaa kichwani, akasema:
"Mashine yako imekufa?
Huwa nahesabu ikinguruma, napumzika ikinyamaza.
Kabla ya mia mbili nimeshalala.
Jana nilipotea njia."

Nikarudi, nikarudisha waya.
Kisha nikampigia Taavi.
"Nimekubali. Liwe dogo, mlango ufunguke kushoto.
Lakini mwulize muuzaji kwanza:
hilo jipya hunguruma, hata kidogo?"

Akacheka sana. Alidhani namtania.