Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Niliandika: kikao kilifunguliwa saa tatu na robo.
Sikuandika kwamba upepo wa Agosti ulikuwa unagonga mabati ya karakana
kama mdai anayejua kuwa umo ndani.

Niliandika: Mkurugenzi Mtendaji, Bwana Lwegasira,
alieleza kwa kina hali ya shirika.
Sikuandika kwamba alitamka "hali ya soko" mara kumi na moja,
nilihesabu kwa vistari pembezoni mwa daftari,
na neno "mimi" halikumtoka hata mara moja.

Tuna ndege mbili.
Moja inaruka. Ya pili imekaa uwanjani tangu Kwaresima,
injini ya kushoto wazi,
imefunikwa turubai la kuanikia alizeti.
Mafundi walipoomba pampu ya mafuta
waliambiwa fungu halijatoka.
Wiki ileile ofisi ya Area D ikashusha viti vya ngozi,
vyeusi, vya kuzunguka.
Viti vinazunguka. Pangaboi limetulia tuli.

Halafu akasimama Mwenyekiti wa tawi, Ndahani wetu,
na watu wakapiga meza kabla hajafungua kinywa.
Alisema jasho. Alisema haki,
nami nikaiandika HAKI, kwa herufi kubwa, kama alivyoitamka.
Hakugusa Januari:
abiria arobaini na wawili wamekalia mabegi yao,
mama mmoja wa Mpwapwa amekumbatia bahasha ya picha za figo,
miadi yake Dar ni saa nane,
na sisi tumejipanga kivulini, chini ya bawa,
tumegoma, posho ya chakula imechelewa siku nne.
Yule mama hakututukana. Aliuliza tu
kama kuna basi.

Wala hakumgusa fundi Mbogoni,
aliyelala zamu ya usiku mzima
kisha akasaini kwamba matairi ameyakagua.
Chama kilimtetea mpaka akarudishwa kazini
na vigelegele vikapigwa getini.
Cha kwanza kilikuwa changu.

Mji huu umebeba kuzama katika jina lake.
Tembo alikuja kunywa maji, akadidimia matopeni,
watu wakasema *idodomya*, na jina likabaki.
Tangu utoto nahadithiwa habari za tembo.
Sijahadithiwa nani alikuwa ukingoni,
nani aliona matope yakifika magotini
akasema: mnyama mkubwa huyu, atatoka mwenyewe.

Sisi tulisema hivyo. Shirika ni kubwa, halifi.
Tulisema tukiwa tunakunywa chai yake.

Siwaweki kwenye mzani mmoja.
Aliyeshika usukani si sawa na aliyebeba begi.
Lwegasira alilipwa kwa mwezi mshahara wangu wa miaka miwili
ili auone mlima kabla mlima haujamwona.
Nusu ya lawama ni yake; ongeza na robo.
Lakini hiyo robo iliyobaki
imezungushwa mezani kama sahani ya sambusa,
Ndahani kaisogeza kwa mafundi,
mafundi kwa wahudumu, wahudumu kwa mhasibu,
na imenifikia mimi ikiwa bado ya moto.

Saa saba kasoro: mengineyo.
Hapakuwa na mengineyo.
Tukasaini posho ya kikao, elfu thelathini,
Mkurugenzi kwanza, Mwenyekiti akafuata, kalamu ileile.
Mimi nilikuwa wa kumi na tatu.
Nikapitia soko la Majengo, nikanunua unga wa uwele na mlenda,
na chenji nikaihesabu mara mbili,
mimi ambaye huwa sihesabu.

Ndege ile bado ipo.
Mkia wake unaonekana juu ya ukuta ukiwa unatoka kazini.
Jioni upepo ukishika kasi, pangaboi la kulia hujizungusha,
nusu duara, linasita,
linarudi lilikotoka.