Saa Elfu Kumi, Enterprise Road

Mama akipiga simu huuliza: kazi gani hiyo
ya kukesha hata Jumapili?
Nangoja chuma kipasuke, namwambia.
Hunyamaza. Kisha: na kikikataa?

Kikikataa tunaongeza mzigo.

Kipande chenyewe hakizidi kidole gumba.
Kililala tanurini kwa nyuzi mia nne,
mwaka mmoja na siku hamsini na moja.
Hakikuyeyuka. Hakikulalamika. Kilizeeka tu,
na nilipokisugua kikang'aa kama sufuria ya arusi.
Ndani, kromi ilikuwa ikijitenga taratibu,
kama wapangaji wa ploti moja
wasiosalimiana tena.

Maji nayo: mtaani kwetu hutoka Alhamisi.
Nayakinga, nayachuja, nayachuja tena
mpaka hayana chumvi, hayana ladha,
hayakumbuki hata Ndakaini.
Kisha nayafungia chunguni pamoja na chuma,
nyuzi mia mbili themanini na nane,
na hayathubutu kuchemka,
shinikizo limeyakalia kifuani.

Nairobi haina kinu cha nyuklia.
Ndiyo sababu, husema Injinia Shitakha,
tuujue ufa kabla hatujajenga ukuta.

Usiku wa mia na tisa stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa mara tatu, ya nne ikashika.
Sekunde arobaini nilisimama gizani
nimeshika vali kama mkono wa mgonjwa.

Jana tumefungua.
Ufa ulikuwa pale, chini ya darubini,
bila kutu, bila doa,
umepita mipakani mwa punje, umekunja, umerudi,
kama karani wa sensa asiyeruka mlango.
Mzigo ule ule, maji yale yale,
kipande kipya kilivumilia bila alama.
Hiki kilikuwa kimeshakubali zamani,
tanurini, tulipodhani kimelala.

Nikaandika kwenye daftari la Kasuku: maikroni sitini.
Nikafuta. Nikapima upya.
Sitini na tatu.

Simu ikalia.
Kimepasuka?
Kimepasuka, mama. Kidogo. Urefu wake
haufiki unene wa unywele wako.

Kipe pole, akasema,
halafu ulale.