Namba Thelathini na Tisa

Tulitoka Kalalangabo watu arobaini na mmoja,
milima ya Kongo imeshamezwa na wingu.
Mwamuzi akapuliza filimbi; radi ikamjibu.

Mchanga mkavu humla mkimbiaji paja.
Uliolowa humrudishia, kidogo,
kisha wimbi huja kudai.

Namba yangu kifuani ilishikwa na pini nne.
Kilomita ya sita zimebaki pini,
karatasi imekwenda Uvira.

Mbele yangu visigino vya Ntibakazi,
vyeupe, vinapiga, vinapiga.
Nilivishika kwa macho kama kamba ya kisima.
Raba zikanywa ziwa, zikawa mawe,
nikazivua, nikazivika shingoni,
nikaenda kwa miguu aliyonipa mama.

Kibirizi, wanawake wanagombania dagaa na upepo:
nyavu zinapaa,
jasho la wiki linarudi majini likiwa limekauka.
Mama Gwimo hakuniita.
Alinitazama tu,
turubai mkononi, ncha moja imemshinda.

Nikaikamata ile ncha. Tukaweka mawe.
Nikasikia wakinipita: Bukuru,
mapacha wa Bangwe,
hata yule karani wa posta anayekimbia huku anakohoa.

Mwishoni utepe ulikuwa umeng'oka.
Kijana wa kuandika muda amejikunja chini ya meza,
daftari lake limekuwa dimbwi la bluu.

"Mimi wa ngapi?"

Akaangalia viganja vyangu, magamba yakimetameta.
"Sema mwenyewe, dada, niandike kukikauka."

Nikasema thelathini na tisa.