Mteja Hapatikani

Kuta za nyumba hii ni mawe ya matumbawe,
unene wake dhiraa na ushei.
Aliyezijenga alizuia joto na macho ya watu;
hakujua siku moja zingezuia
mtihani wa Zulfa.

Ruta mpya iko sebuleni, juu ya kabati,
imekaa kama bibi harusi siku ya kupamba.
Huku chumba cha uani mjukuu wangu
anapanda kitanda, anatoa mkono dirishani
juu ya kichochoro cha Kibokoni,
anakinga mtandao kama anayekinga maji ya mfereji wa mgao.
"Nyanya, mwalimu ameganda tena.
Mdomo wazi."

Nikavuta mtoto wa meza.
Chini ya risiti za stima na miwani ya mkono mmoja
ilikuwepo ile ruta ya marehemu Twahir,
nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mla tambuu,
antena imezungushwa utepe mweusi.
Nikaipuliza. Wakatoka sisimizi wakavu
na ganda la yai la mjusi.

Nikachomeka. Taa ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikasitasita, kama mtu anayetafuta jina.
Kisha kwenye simu yangu, bila kuulizwa nywila,
vipau vyote vimejaa:

Mteja Hapatikani.

Ndivyo alivyouita mtandao wake, miaka ile,
ili vijana wa barazani wakiuona
wadhani ni hitilafu, wasijisumbue.
Alijichekea juma zima.
Nami nikacheka, pale sakafuni, waya mapajani,
mpaka Zulfa akaja kuangalia
kama kweli ni kicheko.

Maelezo yalikuwa wazi: kuitumia upya,
chukua pini, bonyeza kitundu cha nyuma,
hesabu mpaka kumi.
Nikachomoa pini ya mtandio.
Nilifika saba, nikaachia.
Nikaanza tena.

Kumi.

Taa zikazima zote kwa pamoja.
Ikaamka haimjui mtu.

Zulfa akasoma, mimi nikabonyeza.
Yule wa mbele anwani yake yaishia nukta moja,
basi huyu awe nukta mbili.
Halafu avuliwe kazi ya kugawa anwani:
fahali wawili, zizi moja?
Huyu mkongwe ndiye wa kukatwa pembe.
Nikaondoa alama, kidole kizito.
Miaka thelathini nilikaa mimi dirishani
kwenye kliniki, nikigawa namba za kadi,
wewe arubaini na tatu, wewe ngoja,
mpaka siku ya barua.
Nakujua kuvuliwa. Mtu hafi.
Unabaki kupitisha vitu:
sahani, salamu, remoti.

Waya tuliupitisha tundu la bomba la zamani,
ukafuata boriti, misumari midogo kila hatua.
Nikataka kuuchomeka kwenye tundu la samawati.
"Siyo hapo, Nyanya. Hilo ni la kutokea nje.
Huyu hatoki tena. Weka la manjano."
Nikaweka la manjano.

Yabaki jina. Huku na kule liwe moja,
na nywila moja, simu isijue imevuka ukuta.
Ruta ya mbele ilikuja na jina la kampuni,
herufi na tarakimu, kama namba ya mahabusu.
Sikumuuliza mtu.
Niliandika kwa kidole kimoja, huku,
kisha nikaburuta ndara hadi sebuleni,
nikaandika na kule.

Mwalimu akaganduka. Alikuwa kwenye figo,
ameshapita moyo.

Karibu na adhana ya magharibi
ikapanda sauti kutoka kichochoroni,
Shee, mtoto wa muuza kachiri, simu mkononi:
"Bi Mwanakheri! Mteja amerudi?"

Nikachungulia. Nilitaka kumjibu vizuri.
Nikasema, "Nywila nimebadilisha.
Nenda kasome."